Mtoto Karudi Nyumbani, Sasa Ni Zamu Yetu

Ndugu zangu wa Mvita, wito huu ni kwa ajili ya mtoto ambaye kila amwonaye husema keshapona. Homa imeshuka, daktari kamruhusu, mamake kambeba kwa leso kutoka Coast General, au Tudor, au zahanati ya Ganjoni, na mkononi ana kifuko cha dawa na kitabu cha kliniki. Mtaani watu wanasema alhamdulillah, na ni haki kusema hivyo. Lakini kwa anayeuguza, kazi ndiyo kwanza imeingia nyumbani, na mara nyingi anaachiwa aifanye peke yake.

Maradhi aliyougua mtoto huyu ni nimonia, au kichomi kama wengi wetu tunavyoiita, ambayo hujaza usaha na maji vile vifuko vidogo vya mapafu ambavyo kazi yake ni kupokea hewa. Mwaka 2019 iliua watoto zaidi ya 740,000 wa chini ya miaka 5 duniani. Dawa hupambana na viini kwa siku chache, lakini kifua kinachukua muda kutulia, hamu ya chakula hurudi polepole, na uzito uliopotea haurudi kwa usiku mmoja. Katika muda huo mtoto ni dhaifu, na ugonjwa mwingine ukimkuta unamwangusha upesi.

Ushahidi wa jambo hili uko hapa hapa pwani. Watafiti wa kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust kule Kilifi wamefuatilia watoto kwa miaka mingi, hospitalini na vijijini. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, waliwaangalia watoto walioruhusiwa kutoka hospitali ya Kilifi, wakaona kwamba hatari ya kufa katika mwaka uliofuata ilikuwa karibu mara nane ya watoto wenzao wa vijiji vile vile. Walikuwemo waliougua maradhi mbalimbali, na waliokuwa hatarini zaidi ni pamoja na waliolazwa kwa nimonia kali, waliopungukiwa na oksijeni na waliokonda sana. Hawa wote walikuwa wameruhusiwa kurudi nyumbani wakiwa hai, kama huyu wa kwetu.

Basi tuanze na dawa. Siku hizi mtoto mwenye nimonia isiyo kali sana hupewa vidonge vya amoksilini vinavyoyeyuka kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama, mara mbili kwa siku, kwa siku 5. Aliyelazwa huanza na sindano, kisha humalizia dawa ya kunywa nyumbani. Siku ya pili au ya tatu mtoto ameanza kucheza, na hapo ndipo dozi inapokatwa: vidonge vilivyobaki vinawekwa kabatini vimsubiri ndugu yake. Tusifanye hivyo. Dawa imalizwe kama ilivyoandikwa, na isigawiwe mtoto mwingine. Enyi akina baba, dozi ya jioni ichukueni nyinyi. Baba anayejua saa ya dawa ya mwanawe amempunguzia mkewe mzigo mkubwa kuliko anavyodhani.

La pili ni kuhesabu pumzi, na hili halihitaji cheti. Mlaze mtoto mapajani akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Sogea naye karibu na dirisha, mpandishe fulana mpaka kifua na tumbo vionekane. Washa saa ya simu, kisha tazama pale kifua kinapopakana na tumbo: kila panapopanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima, kwa sababu pumzi ya mtoto mara huenda mbio, mara hupunguza. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Kwa wa mwaka 1 mpaka kabla ya kutimiza miaka 5, ni 40 au zaidi. Kisha tazama chini ya mbavu. Ikiwa nyama ya hapo inadidimia ndani kila avutapo pumzi, kifua kinatumia nguvu kupita kiasi. Ukiona moja kati ya haya baada ya kurudi nyumbani, mrudishe akaangaliwe siku hiyo hiyo. Mtoto wa chini ya miezi 2 asingojewe hesabu: akibadilika kidogo tu, apelekwe.

Ziko dalili ambazo hazisubiri hata asubuhi. Mtoto hawezi kunyonya wala kunywa. Anatapika kila anachopewa. Amepata degedege. Amelegea, au amelala na kumwamsha ni taabu. Anaguna kila atoapo pumzi. Ulimi au sehemu ya ndani ya midomo imekuwa ya buluu. Hapo ni safari, hata kama ni saa nane za usiku. Na sote tunajua kuwa tuktuk haiingii kwenye vichochoro vya Kibokoni wala vya Kuze. Mambo haya yapangwe mchana: nambari ya kijana wa tuktuk iwe kwenye simu, nauli iwekwe kando, na jirani mmoja ajue kwamba akibishiwa hodi usiku atatoka kubaki na watoto wengine.

Katika chakula, wazee walishasema mgonjwa haulizwi uji. Mtoto anayetoka kwenye nimonia ukimuuliza atakataa, na ukimjazia sahani atageuza uso. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi. Anayenyonya anyonyeshwe kila atakapo, usiku na mchana. Mkubwa kidogo apewe vile tunavyovijua jikoni mwetu: uji mzito wenye maziwa, mseto wa pojo, samaki aliyechambuliwa miiba akapondwa na viazi, yai, papai, ndizi mbivu. Kwa wiki mbili baada ya kuugua aongezwe mlo mmoja kila siku juu ya ile aliyozoea, ili arudishe mwili. Pua ikiwa imeziba, ipanguse kwa kitambaa laini kilicholoweshwa maji yenye chumvi kidogo kabla ya kula. Kikohozi kilichobaki kinaweza kutulizwa kwa asali, lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali kabisa.

Sasa nije kwenye jambo gumu kidogo kusema, maana linagusa ada zetu. Nyumba za Mji wa Kale zinapenda chetezo. Udi na ubani ni heshima ya nyumba, na anayekuja kumtazama mgonjwa huona vizuri kufukiza. Kwa mapafu yanayopona, moshi ni moshi, unukie usinukie. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa majumbani unakaribia kuzidisha mara mbili hatari ya nimonia kwa watoto. Kwa wiki hizi chache chetezo kisiingie chumba alimo mtoto. Jiko la makaa lipelekwe uani au darini. Dawa ya mbu ya kuchoma iachwe, mtoto alale ndani ya neti. Na vijana wanaovuta sigara barazani, chini ya dirisha la mgonjwa, wasogee mbele kidogo. Wakiombwa kwa adabu, watasogea.

Kuna pia hofu ya upepo. Msimu wa kipupwe ukifika, mtoto mwenye kikohozi huvikwa sweta, soksi na kofia, akafunikwa blanketi na madirisha yakafungwa, mpaka jasho linamtiririka. Nimonia haiji kwa upepo wa kusi. Inaletwa na viini vinavyopita kwa kikohozi, chafya na mikono, na viini hivyo huenea zaidi penye watu wengi na hewa isiyotembea. Nyumba zetu za mawe zina kuta nene, na nyingine zinakaliwa na familia kadhaa chini ya paa moja. Fungua madirisha. Mvike mtoto kama unavyovaa wewe, na mdogo sana umwongezee nguo moja. Mafusho ya sufuria ya maji ya moto tuyaache, kwani yameshababua watoto wengi. Na yeyote atakayeshauri mtoto akakatwe kimio ili kikohozi kiishe, aambiwe hapana bila kupepesa. Kimio hakina hatia, na kidonda chake kinaweza kutoa damu nyingi na kuingiza maradhi mapya.

Jirani mwema, nakuja kwako. Kumtazama mgonjwa ni katika mambo mazuri tuliyorithi, na sitaki yapungue. Nataka yamfae mtoto. Mwenye mafua abaki kwake atume salamu. Wengine tuingie wawili wawili, tunawe mikono, tusimbusu mgonjwa, tusikae mpaka mama akose kulala. Kisha tuangalie mama huyu ana shida gani hasa. Huenda ndiye anayekaranga viazi karai na kachiri pale mlangoni kila jioni, na tangu mtoto alazwe karai halijapanda jikoni. Kumwambia pole kwa kuuguza ni vizuri. Kumsimamia biashara yake kwa jioni mbili ni bora zaidi, maana mama asiye na kitu hulazimika kurudi kazini kabla mtoto hajapata nguvu. Mwingine achukue watoto wakubwa awapeleke chuoni. Mwingine alete chungu cha supu. Nyanya mwenye wasaa akae na mtoto saa moja ili mama apate usingizi. Na kila aingiaye aulize swali moja: siku ya kurudi kliniki ni lini, na nani atakusindikiza?

Siku hiyo ina uzito wake. Mtoto aliyetibiwa akarudi nyumbani kwa kawaida huambiwa arudi baada ya siku mbili au tatu aangaliwe, na aliyelazwa huandikiwa tarehe yake kwenye kitabu. Tarehe ifuatwe hata kama mtoto anakimbia uani. Kikohozi chepesi kinaweza kukaa kwa siku kadhaa bila ubaya, lakini kikitimiza siku 14, au mtoto akizidi kukonda, lazima apimwe kifua kikuu. Kukaa na kikohozi hicho nyumbani kwa kuona haya ni kumwonea mtoto na kuwaonea wote waishio naye.

Wenye maduka ya dawa mtaani, nanyi mna zamu yenu. Msiuze vidonge vitatu vya antibiotiki kwa mzazi aliyeishiwa. Dawa ya kikohozi ya chupa haiponyi nimonia, na mtoto anayehema mbio mahali pake ni hospitali. Mwambieni mzazi hivyo, hata kama mtakosa mauzo.

Wazee wa mtaa, maimamu na walimu wa madrasa, sauti zenu zinafika tusikofika sisi. Maneno machache baada ya sala ya Ijumaa kuhusu kumaliza dawa na kutoa moshi chumbani yatasikika nyumba nyingi. Kamati ya msikiti inaweza kutenga fedha kidogo za nauli ya dharura. Mwalimu amruhusu mwanafunzi aliyeugua arudi taratibu, bila kumhesabia siku alizokosa. Na tuwafungulie milango wahamasishaji wa afya ya jamii. Tangu Septemba 2023 serikali imewapa zaidi ya 100,000 kati yao nchini mifuko ya vifaa vya kazi, na kupita nyumba kwa nyumba ndiyo kazi yao. Uliza wa mtaa wako ni nani, umwambie nyumba yenye mtoto aliyetoka hospitali.

Mwisho, tufungue kile kitabu cha kliniki. Kenya ilianza kuchanja watoto dhidi ya Hib, kiini kimojawapo cha nimonia, mwaka 2001, na dhidi ya numokoka, kiini kikubwa cha nimonia, mwaka 2011. Baada ya chanjo hii ya pili, Kilifi iliona maradhi makali ya numokoka za aina zilizomo kwenye chanjo yakipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka 5, na nimonia iliyothibitishwa kwa eksirei ikapungua karibu nusu. Chanjo hizo hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mtoto aliyeugua bado anazihitaji, na mdogo wake pia. Penye nafasi tupu kwenye kitabu, mhudumu aulizwe ijazwe lini.

Haya yote hayamtaki mtu awe tajiri wala msomi. Yanataka saa moja ya jirani, dozi moja ya jioni ya baba, dirisha lililofunguliwa na tarehe isiyosahauliwa. Wiki hii ukisikia mtoto mtaani kwako karudi kutoka hospitali kwa kichomi, usiseme keshapona. Piga hodi, nawa mikono, uliza dawa imebaki siku ngapi, na sema wewe utachukua zamu gani.