Taa za jukwaa Garsen hazihitaji bando, zinahitaji fundi wa nyumbani

Uchaguzi wa Agosti 2027 unakuja, na kila anayetaka kura atataka jukwaa. Kuanzia Garsen hadi Hola na Bura utaona spika kubwa, skrini na taa za rangi. Wewe kijana wa Tana River utakuwa wapi usiku huo? Ukiwa kwenye umati ukirekodi na simu, sawa. Lakini anayeketi nyuma ya mitambo akizichezesha hizo taa ndiye anayeenda nyumbani na pesa.

Kwa nini asiwe wewe?

Jibu la kwanza utakaloskia ni bei, na lina ukweli. Meza za kuongozea taa za tamasha kubwa huuzwa kwa mamilioni ya shilingi. Jibu la pili ni mtandao: ati huku intaneti ni ya kubahatisha, tungoje serikali ikamilishe ahadi yake ya kilomita 100,000 za faiba na vituo 25,000 vya waifai ya umma. Hili la pili halina msingi, na ndilo linalotuchelewesha.

Hebu tuelewane taa zinaongozwaje. Tangu 1986, taa za jukwaa zimekuwa na lugha yao iitwayo DMX512. Waya mmoja hubeba chaneli 512, na kila chaneli ni namba kati ya 0 na 255. Moja inapandisha mwangaza, nyingine inaleta rangi nyekundu, nyingine inageuza kichwa cha taa. Majukwaa yalipokua, waya mmoja haukutosha. Mwaka 1998 kampuni ya Uingereza, Artistic Licence, ikatoa Art-Net, njia ya kupitisha namba hizo kwenye kebo za kawaida za kompyuta, na ikaruhusu yeyote aitumie bila kulipa. Baadaye ikaja sACN, ambayo hufanya kazi hiyo hiyo.

Mtandao huo ni wa hapo hapo uwanjani. Unahitaji laptopu, rauta na kisanduku kidogo kinachopokea amri na kuzigeuza kuwa DMX. Huhitaji bando wala mnara wa simu. Faiba isipofika Garsen mwaka huu, taa zitacheza tu.

Kisanduku hicho ndicho habari yenyewe. Kuna vifaa huria, yaani vile ambavyo wabunifu wake wameweka mchoro wa saketi na programu wazi, ukaruhusiwa kusoma, kutengeneza, kubadilisha, hata kuuza. Arduino, iliyoanzia Italia mwaka 2005, ndiyo iliyofanya wengi waizoee njia hii. Leo unaweza kuchukua chipu ya ESP32, ambayo kwa maduka ya Nairobi ni kama shilingi elfu moja hivi, ukaongeza chipu ndogo ya RS-485 na soketi ya kebo, ukapata kisanduku kinachoelewa Art-Net. Kwenye laptopu unaweka QLC+, programu huria ya kuongoza taa, bila kulipa hata ndururu. Kikiharibika, mchoro unao; unafungua unarekebisha. Hungoji fundi wa Mombasa.

Na hilo la kungoja si dogo kwetu. Mafuriko ya El Nino mwishoni mwa 2023, na tena ya 2024, yalikata barabara ya Garsen kwenda Lamu pale Gamba. Barabara ikikatika, lori la taa halifiki, na kazi inalala.

Kuna pia hesabu ya zabuni. Sheria inatenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Vizuri. Lakini ukishinda zabuni ya kuandaa hafla na huna mitambo wala fundi, utakodisha kutoka nje ya kaunti. Jina kwenye mkataba litakuwa lako, lakini sehemu nono ya pesa itavuka daraja kurudi ilikotoka.

Wenzetu wana pa kuanzia. Mombasa kuna Swahilipot, karibu na Fort Jesus, ambapo wasanii na vijana wa teknolojia wanakutana. Nairobi kuna Gearbox, karakana ambapo mbunifu anapata mashine za kutengenezea kifaa chake. Sisi tumeahidiwa vituo vya kidijitali, 1,450 nchi nzima, kimoja kwa kila wadi. Kikiwa ni chumba cha kompyuta za kutafutia kazi za mtandaoni tu, tutakuwa tumepata nusu. Weka humo meza ya kuchomelea saketi, mita na taa chache za mazoezi, na vikundi vya drama vya shule vitakuwa na pa kujifunzia.

Tusidanganyane lakini, bei nafuu ina hatari zake. Waya wa DMX una volti ndogo, ila taa zenyewe zinakula volti 240. Kazi hiyo mwachie fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA. Usiamini waifai mbele ya umati wenye simu elfu, vuta kebo. Mwisho wa msururu wa DMX weka kizuizi cha omu 120, la sivyo taa zitapepesa ovyo. Na kamwe usiwashe fataki kwa DMX, kwa sababu haina njia ya kuhakiki kama amri imefika sawa.

Maji ya Tana yanazungusha mitambo ya stima Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere kabla hayajatufikia. Tumezoea kuona faida ikibaki juu na mafuriko yakishuka. Kwenye taa tunaweza kuanza kubadilisha hilo, tena kwa pesa kidogo.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwa bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, na sheria inakupa nafasi ya kutoa maoni. Kikao kikiitwa, nenda na ombi moja lenye bei yake: karakana ndani ya kituo cha kidijitali Garsen. Muulize MCA wako ataiweka kwenye fungu gani, na usiondoke kabla hajajibu.