Majina ya kazi yapo hata hapa Nairobi

Ahsante mwandishi kwa kutueleza kuhusu jina la Smith, yaani mhunzi, lililoenea kuliko yote Uingereza na Marekani. Naomba tu tusiishie ng'ambo. Huku kwetu Dagoretti na Kangemi, mhunzi kwa Kikuyu ni muturi, mchungaji wa mifugo ni muriithi na mganga ni mugo. Yote matatu ni majina ya watu hadi leo. Justin Muturi alikuwa Spika wa Bunge la Taifa kuanzia 2013 hadi 2022. Mhunzi hakuwa mtu wa kudharauliwa: alifua mikuki na panga, na laana yake iliogopwa sana.

Tofauti kubwa iko kwenye urithi. Smith hutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Kwa desturi ya Wakikuyu, mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, kwa hiyo jina huruka kizazi na kurudi.

Ndugu zetu wenye asili ya Gujarat, walio wengi Parklands na Westlands, nao wana majina yao ya kazi: Soni ni sonara, Mistry ni fundi. Hata Gandhi, mwenye sanamu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alibeba jina la wauza manukato.

Wazazi wenzangu, waulizeni wazee, wangali hai, maana ya majina ya ukoo wenu, kisha muwaandikie watoto. Hiyo ni historia yetu, na shuleni haifundishwi vya kutosha.