Lugha ya mama si uchafu wa kuachwa mlangoni pa shule

Wazazi waliokimbia vita wanaambiwa neno moja karibu kila mahali wanapofika, kuanzia Goma hadi Minova na Bukavu. Wanaliambiwa shuleni, na wanaliambiwa pia katika familia zilizowapokea: «Mama, acha kuongea na mtoto lugha ya kijijini. Umuongeleshe Kifaransa, la sivyo hatasoma.» Wanaosema hivyo wana nia nzuri, lakini shauri lao ni baya, na wakati umefika wa kulikataa.

Tumtazame mama aliyetoka Masisi. Anajua Kihunde vizuri, anajua Kiswahili cha sokoni, na Kifaransa hakijui. Akitii shauri hilo, atamwambia mtoto nini? Atanyamaza. Jioni hakutakuwa na hadithi, wala kitendawili, wala maswali ya namna siku ilivyokuwa. Mtoto huyo amekwisha kupoteza nyumba, shamba na rafiki zake. Sasa anampoteza na mama yake, ingawa wanalala chini ya shiti moja. Na Kifaransa hakuna aliyemletea.

Wanaotetea shauri hilo wanasema Kifaransa ndicho kinachotoa kazi, na mtihani wa kumaliza shule ya msingi unafanywa kwa Kifaransa. Hiyo ni kweli. Katiba ya 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi ya nchi. Lakini kifungu kile kile cha kwanza kinataja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Tena sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inasema kwamba lugha za taifa au lugha za mahali zitumiwe katika kufundisha, na zifundishwe pia kama somo. Kwa hiyo mwalimu anayemweleza mtoto hesabu kwa Kiswahili havunji sheria. Anayemkataza ndiye anayepaswa kujieleza.

Shida ya watoto waliohama iko hapo hapo. Vijijini, mtoto wa darasa la kwanza na la pili mara nyingi hufundishwa kwa lugha ya mahali au kwa Kiswahili. Mjini, shule nyingi zinaanza na Kifaransa tangu siku ya kwanza. Mtoto aliyekuwa anasoma vizuri kule kwao anafika mjini na kuonekana mjinga. Hajasahau kuhesabu, anachokosa ni kuelewa anachoulizwa. Anarudishwa darasa la chini, anakaa na watoto wadogo, wanamcheka, halafu siku moja anaacha kwenda. Baadaye watu watasema wazazi wa wakimbizi hawapendi masomo.

Kuna jambo baya zaidi. Bado kuna walimu wanaomtundikia mtoto kitu shingoni kwa sababu ametamka neno la kwao, na jioni aliyebaki nacho anapigwa. Mtoto hatoki pale anajua Kifaransa. Anatoka amejifunza kufunga mdomo na kumwonea haya mama yake. Na katika vita hivi, ambamo lugha ya mtu imefanywa alama ya kumshuku, kumpiga mtoto kwa ajili ya Kinyarwanda, Mashi au Kinande ni kuingiza vita darasani.

Lugha ya pili inajengwa juu ya ile ya kwanza. Mama wa Rutshuru akisema «umwana», na mama wa Walungu au wa Lubero akisema «omwana», mtoto yuko hatua moja tu kutoka «mwana» wa Kiswahili. Ndiyo maana watoto hawa wanakamata Kiswahili upesi wakicheza na wenzao. Kiswahili hicho ndicho daraja. Mwalimu akieleza kwanza kwa Kiswahili, kisha akataja kwa Kifaransa, mtoto anapata neno jipya juu ya kitu anachokijua tayari. Akianza na Kifaransa kitupu, mtoto anakariri kama kasuku.

Na mama asiambiwe kwamba hana la kufanya kwa kuwa hajui. Anaweza kujifunza pamoja na mtoto. Mtoto akirudi, amuulize: «Leo umeleta maneno gani?» Matatu yanatosha. Wakiteka maji, mtoto aseme «eau», mama arudie. Wakiwasha makala, «feu». Wakisonga bugali, wahesabu vikombe vya unga kwa Kifaransa, halafu kwa Kiswahili, halafu kwa lugha ya nyumbani. Mama akikosea, mtoto amsahihishe, wacheke wote wawili. Mtoto anayemfundisha mzazi wake anashika somo mara mbili, na anaona kwamba kutojua si aibu. Hadithi za usiku zibaki kwa lugha ya nyumbani, maana ndiyo mama anayoweza kusimulia bila kutafuta maneno. Papa naye asikae pembeni akisema hiyo ni kazi ya akina mama.

Lakini mzazi asiachiwe mzigo huu peke yake. Madirekta wa shule wanaita mikutano ya wazazi na kuongea Kifaransa mwanzo hadi mwisho, kisha wanalalamika kwamba wazazi wa wakimbizi hawasemi kitu. Mikutano ifanyike kwa Kiswahili, na wanafunzi wakubwa wawatafsirie wale wasiokielewa. Darasa lililo tupu saa za mchana lifunguliwe, mama aingie na mtoto wake, wakae benchi moja na kusoma ubao mmoja. Mashirika yanayogawa mifuko na madaftari, na kupiga picha nyingi siku hiyo, yakumbuke kwamba daftari halimfundishi mtu kuongea. Yamlipe mwalimu wa kufundisha wazazi pamoja na watoto. Redio za mahali nazo, ambazo kila siku zinapata nafasi ya matangazo ya pombe na simu, zitafute dakika kumi za somo ambalo mama atalisikiliza akiwa jikoni.

Kazi hizi hazingoji vita viishe. Ubao uko, chaki iko, Kiswahili kiko, na sheria ina zaidi ya miaka kumi. Kinachokosekana ni wakubwa kukubali kwamba mama asiyejua Kifaransa si kizuizi cha masomo ya mtoto wake. Yeye ndiye mwalimu wa kwanza mtoto aliyempata. Basi shule imfungulie mlango, aingie na lugha yake.