Dawa ya viluwiluwi vya mbu: uliza itarudiwa lini

Mama na mlezi, kiwanda cha viuadudu cha Kibaha kinatumia bakteria wanaotengeneza sumu. Kiluwiluwi wa mbu akiila, utumbo wake huharibika na hufa. Haina madhara kwa watu, kuku wala samaki. Mwaka 2017 Rais Magufuli aliagiza halmashauri ziinunue. Lakini kununua mara moja hakutoshi: nguvu yake huisha majini baada ya siku au wiki chache, na mbu hutaga tena. Kwenye mkutano wa kijiji hapa Singida, uliza: madimbwi yetu yatanyunyiziwa lini, na dawa itarudiwa lini?

Dawa hii haiui mbu anayeruka. Mtoto alale ndani ya chandarua. Akipata homa, mpeleke zahanati ndani ya saa 24 akapimwe malaria.