Kopo Likiisha, Samaki Wafe?

Mwaka jana nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha tatu katika shule moja ya sekondari ya bara. Katika maabara ya biolojia niliona hodhi zuri la kioo, urefu wake kama mita moja, likiwa kavu na limejazwa madaftari. Nilipouliza habari zake, mwalimu wa somo, mtu makini na mwenye kuipenda kazi yake, alinijibu kwa masikitiko: "Daktari, walikuwamo samaki kumi na wawili. Kopo la chakula lilikwisha, na mjini halikupatikana tena. Wakafa mmoja mmoja." Nikamwuliza walikuwa samaki gani. Walikuwa perege, waliovuliwa na wanafunzi wenyewe katika mto upitao nyuma ya bweni.

Jawabu hilo sijalisahau. Perege, ambaye mtoni hujitafutia mwani, majani laini na vijidudu, alikufa kwa njaa hatua mia chache tu kutoka kwenye bustani ya mchicha ya shule, kwa kuwa tumezoea kuamini kwamba chakula cha samaki ni kile tu kilichoandikwa hivyo juu ya kopo. Simlaumu mwalimu yule. Naulaumu mtindo wetu wa kufundisha, unaokihesabu kifaa cha dukani kuwa ndicho sayansi, na kuliacha jiko la shule nje ya mlango wa maabara.

Rai yangu ni kwamba kila shule yenye hodhi la samaki iwatengenezee samaki wake chakula, na kazi hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya somo. Lakini naharakisha kuongeza kwamba chakula cha nyumbani hakiwi salama kwa sababu tu ni cha nyumbani. Hayo niliyajua kwa gharama ya wengine.

Nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari ng'ambo, niliachiwa zamu ya kulisha samaki wa maabara. Walikuwamo samaki wa mto Amazon, waliokuwa wakilishwa moyo wa ng'ombe uliosagwa na kugandishwa, na katika hodhi jingine walikuwamo Tropheus, samaki wadogo wa miambani kutoka Ziwa Tanganyika. Niliwaona hao wa kwetu wakipewa majani tu, nikawaonea huruma kama mtu amwoneavyo ndugu aliye ugenini. Nikawagawia nyama. Waliila kwa pupa. Baada ya siku chache walianza kuvimba matumbo, wakakataa kula, na wengi wao wakafa. Ugonjwa ule wa kuvimba una visababishi zaidi ya kimoja, lakini chakula kizito cha nyama hutajwa miongoni mwa vya kwanza. Mtu aliyetoka katika nchi yenye ziwa hilo ndiye aliyewaua.

Kosa langu lilikuwa la anatomia. Tropheus hukwangua utando wa mwani juu ya mawe mchana kutwa, na utumbo wake ni mrefu mno, umejikunja mara nyingi, kama ilivyo kwa wanyama walao majani. Mlo wake wa asili una nyuzinyuzi nyingi na lishe kidogo kidogo. Ukimjaza nyama, umemwekea mzigo ambao utumbo wake haukuumbiwa. Zaidi ya hayo, mafuta ya ng'ombe huwa laini katika mwili wake wenye joto la nyuzi 38 hivi, bali katika maji ya nyuzi 25 huganda. Basi kabla ya kuuliza "tuwape nini?" mwanafunzi aulize kwanza "utumbo wake una urefu gani?" Samaki mmoja aliyenunuliwa sokoni, wembe na rula vyatosha kulijibu swali hilo darasani. Mpasue perege, kisha mpasue samaki mla nyama kama kambare, mpime utumbo wa kila mmoja mkiulinganisha na urefu wa mwili. Tofauti yake itakaa kichwani kuliko ukurasa wowote wa kitabu.

Tahadhari ya pili yahusu samaki wabichi wanaotumiwa kuwa chakula cha samaki wengine. Katika miaka ya 1930 huko Minnesota, Marekani, mbweha waliofugwa kwa ajili ya ngozi zao walipooza na kufa baada ya kulishwa karpu wabichi. Baadaye ilidhihirika kwamba katika miili ya samaki wa namna hiyo kuna kimeng'enya kinachoivunja vitamini B1. Dagaa wa Ziwa Victoria ni jamaa ya karpu. Kwa hiyo busara ni kuwachemsha. Moto hukiharibu kimeng'enya hicho. Barafu haikiharibu, na hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani kwamba kugandisha ni sawa na kupika. Baridi hupunguza kasi ya uozo tu. Mafuta ya samaki huendelea kuchacha polepole hata ndani ya barafu, na umeme ukikatika chakula kikayeyuka, kisigandishwe tena, kwani bakteria walikwisha kuamka.

Kwa perege mimi hutumia vipimo vitatu vya mchicha uliochovywa kidogo katika maji ya moto, kimoja cha njegere zilizochemshwa na kumenywa, na kimoja cha uduvi waliolowekwa ili chumvi itoke. Uduvi wana faida moja ya ziada: samaki hawawezi kujitengenezea rangi nyekundu na za manjano za jamii ya karotini, hulazimika kuzila. Vyote husagwa na kuchanganywa na rojo la kugandishia. Jelatini haifai sana katika joto letu, kwa kuwa huanza kulegea kwenye nyuzi 30 na kitu. Afadhali mwani. Ule uitwao kotonii na wakulima wa Zanzibar, ukioshwa chumvi vizuri na kuchemshwa, hutoa rojo lishikalo likipoa. Mchanganyiko humwagwa katika sinia uwe mwembamba, hugandishwa, kisha hukatwa vipande vya siku moja moja.

Najua pingamizi la wenzangu: chakula cha kopo kimepimwa vitamini zake, cha jikoni hakikupimwa. Ni kweli, na shule inayoweza kulipata kopo isilitupe. Lakini kopo lililokaa wazi miezi mingi katika joto la maabara zetu limekwisha kupoteza sehemu kubwa ya vitamini C yake, kwani vitamini hiyo haistahimili hewa wala joto. Tena kopo halimwulizi mwanafunzi swali lolote.

Chakula cha jikoni humlazimisha apige hesabu. Perege 12 wenye gramu 50 kila mmoja wana jumla ya gramu 600. Kwa kuwatunza tu bila kuwanenepesha, asilimia 1 kwa siku yatosha, yaani gramu 6 za chakula kikavu. Chakula chetu kina maji kama asilimia 80. Basi mpe gramu 30. Kitakachobaki baada ya dakika kumi kiondolewe, kwani kikioza hutoa amonia. Mwalimu wa kemia na apewe zamu hapa: katika maji ya pH 7 na joto la nyuzi 25, chini ya asilimia 1 ya amonia huwa katika umbo lile lenye sumu kali, katika pH 9, ambayo ni karibu na ile ya Ziwa Tanganyika, huwa theluthi moja na zaidi. Masalio yaleyale, katika hodhi la maji magumu ya ziwani, ni hatari mara nyingi zaidi.

Nilimwandikia mwalimu yule mambo haya yote. Alinijibu kwamba hodhi limeoshwa, akauliza afanyeje wakati wa likizo fupi, maabara itakapofungwa kwa wiki moja. Nilimjibu kwamba perege wazima wenye afya waachwe bila chakula, na mlinzi asipewe kipande hata kimoja cha kuwatupia.