Risala ya Wanafunzi wa Mwaka wa Mwisho wa Sayansi ya Kompyuta kwa Rasi wa Ndaki Kuhusu Miradi ya Kuhitimu

Ndugu Rasi wa Ndaki,
Ndugu Wakuu wa Idara,
Ndugu Wasimamizi na Watahini wa Miradi,
Wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru, Ndugu Rasi, kwa kukubali kutusikiliza wiki moja tu baada ya utetezi wa miradi, wakati macho ya wengi wetu bado ni mekundu kwa kukesha. Risala hii tumeiandika sisi tunaohitimu. Alama zetu zimekwisha kuandikwa na hatuombi zibadilishwe. Tunawasemea wadogo zetu wa mwaka wa pili, ambao mwakani watapita njia hii hii na kuyakuta mashimo yale yale, iwapo sisi tuliotumbukia tutanyamaza.

SHUKRANI

Yapo tunayoyashukuru kwa dhati. Wengi wetu tulifika hapa hatujawahi kumiliki kompyuta. Leo tunaondoka tukiwa tumejenga mifumo inayowasha, inayohifadhi na inayojibu. Katika somo la uhandisi wa programu tulifundishwa kumsikiliza mtumiaji kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa msimbo, kugawana kazi, kupima mapema na kukabidhi kwa wakati. Mwalimu wetu wa somo hilo alikuwa na usemi wake: hitaji lisilopimika si hitaji, ni dua. Usemi huo tumekuja nao hapa. Kila dai tutakalolitaja lina kipimo chake, ili mwakani pasiwe na ubishi kama limetekelezwa au la.

Ndugu Rasi, malalamiko yetu yamezaliwa na mafunzo hayo hayo mazuri. Wahenga walisema mganga hajigangi. Ndaki inatufundisha namna ya kuendesha mradi wa programu, kisha inaiendesha miradi yetu kinyume cha somo lake.

MALALAMIKO

La kwanza ni muda. Muhula una wiki 15. Orodha ya vikundi na wasimamizi ilibandikwa wiki ya nne. Mapendekezo yetu yalirudi na sahihi ya idhini wiki ya saba, na utetezi ukapangwa wiki ya 14. Katikati zilibaki wiki sita. Toa moja ya majaribio ya masomo mengine, zinabaki tano. Darasani tulisoma kwamba Winston Royce, ambaye mchoro wake wa mwaka 1970 ndio unaofundishwa duniani kama mfano wa maporomoko ya maji, mwenyewe alionya kuwa kusubiri hadi mwisho ndipo upime ni kukaribisha kushindwa. Swali kuhusu onyo hilo tulilijibu kwenye mtihani na tukapata alama. Lakini kwa ratiba tuliyopewa, hakuna mwalimu aliyeiona programu ya kikundi chochote ikifanya kazi hadi siku ya utetezi.

Wenzetu watatu walijenga mfumo wa kupanga zamu za maji kwa wakulima wa mpunga. Ulikuwa mzuri, una ramani na rangi. Mtahini akauliza swali moja: mkulima mwenye simu ya kitochi atautumiaje? Hawakuwa na jibu. Swali hilo lingeulizwa wiki ya tano, wangejenga menyu ya nyota na reli kama ile ambayo kila mkulima anaitumia kutuma pesa, na huenda kazi ingekuwa nyepesi zaidi. Liliulizwa siku ambayo hapakuwa tena na la kufanya isipokuwa kukatwa alama. Samaki hukunjwa angali mbichi.

La pili ni usimamizi. Yuko msimamizi aliyepewa vikundi 14, na wakati huo huo anafundisha masomo matatu. Hatumlaumu yeye. Tulimpata mlangoni akielekea darasani, tukamweleza mradi huku tunatembea. Kanuni inataka kitabu cha kumbukumbu za vikao kitiwe sahihi kila wiki. Vifungueni vitabu vyetu, Ndugu Rasi: mtaona sahihi 12 za kalamu moja, zilizotiwa siku moja. Sisi tunalijua hilo, wasimamizi wanalijua, na watahini waliovipokea vitabu hivyo wanalijua. Kitabu ambacho wote tunakidanganya hakimsimamii mtu.

Wiki ya kumi, msimamizi mmoja alipokwenda masomoni, vikundi vyake viliunganishwa na vya wenzake. Kikundi cha watu watatu kikawa cha watu sita, na tukaambiwa kwamba sasa kazi itakwenda haraka. Mwaka 1975 Frederick Brooks aliandika kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi, kwa sababu wageni wanahitaji kuelezwa na wenyeji wanaacha kazi ili waeleze. Hilo nalo tulifundishwa humu humu. Wenzetu sita walitumia wiki mbili kuelezana nani alifanya nini, kwa lugha gani ya programu, na hifadhidata ya nani ndiyo ibaki. Walikabidhi sehemu mbili kati ya tano walizoahidi.

La tatu ni barua na taarifa. Kikundi kimoja kilichagua kujenga mfumo wa kufuatilia akiba ya damu katika hospitali ya wilaya. Barua ya utambulisho waliiomba wiki ya saba, wakaipata wiki ya 11. Walipofika, mganga mfawidhi aliwauliza mambo mawili ya haki kabisa: taarifa za wagonjwa ataziona nani, na mtazifuta lini? Hawakuwa na jibu, kwa sababu hakuna fomu ya Idara inayouliza hivyo. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile ambazo sheria hiyo inaziita nyeti. Mfawidhi akawarudisha, naye alikuwa sahihi. Wakaketi bwenini, wakabuni wagonjwa wao, wakabuni na damu yao. Siku ya utetezi mtahini akauliza: muuguzi wa zamu ya usiku akitoa chupa ya damu, anaandika wapi? Chumba kikawa kimya. Kikundi kile kilikuwa na msimbo safi kuliko wetu wote. Kilichokosa ni siku moja tu ya kukaa wodini na kutazama.

La nne ni vifaa, umeme na mtandao. Wenye miradi ya vihisi wananunua kila kitu wenyewe Kariakoo, kwa fedha za bumu, mkopo wetu wa kujikimu, na bumu lina tarehe zake. Kihisi kikiungua wiki ya mwisho, mradi umeungua nacho. Maabara inafungwa saa mbili usiku, saa ambayo sisi ndio kwanza tunatoka kwenye vipindi. Kuhusu mtandao, wakubwa zetu wanaikumbuka 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Waliokuwa wameweka kazi zao kwenye seva za nje walibaki wanatazama duara likizunguka kwenye kioo. Tarehe ya kukabidhi haikusogezwa hata siku moja. Darasani, mpango wa mradi usio na sura ya majanga hukatwa alama. Mpango wa miradi wa Ndaki hauna sura hiyo.

La tano ni upimaji. Utetezi ni dakika 15, na tano kati ya hizo ziliishia kwenye projekta. Mwongozo wa kugawa alama hatujauona hadi leo. Kikundi kizima hupewa alama moja, aliyekesha na aliyelala sawasawa. Na kuhusu akili mnemba kila mlango una sheria yake: msimamizi mmoja alituambia tuitumie maana dunia ndiko iliko, mtahini mmoja akamkata mwenzetu alama kwa kusema ukweli kwamba aliitumia kusahihisha makosa ya msimbo. Funzo ambalo wengine tulilipata pale si zuri, nalo ni kwamba msema kweli ndiye aliyekatwa.

MAKOSA YETU

Ndugu Rasi, mwenye kudai haki na aanze na lake. Wapo kati yetu waliochukua mradi wa miaka ya nyuma, wakabadilisha nembo na rangi, wakauleta kama wao. Wapo walionunua mfumo mzima kwa mafundi wa mitaani, kisha wakashindwa kueleza jedwali moja la hifadhidata yao. Katika karibu kila kikundi kulikuwa na abiria. Na sote tulipenda vichwa vikubwa: mfumo wa taifa zima, kwa watu watatu, kwa wiki tano. Wapo pia waliopata muda wa kutosha na wakaupoteza. Haya hatuyabebeshi Ndaki. Tunachosema ni kwamba utaratibu wa kupima siku moja tu, mwishoni, ndio maficho ya mnunuzi, mnakili na abiria. Anayeonyesha kazi yake kila baada ya wiki chache hana pa kujificha.

MADAI

Kwa hiyo tunadai yafuatayo, nayo tunaomba yaanze kutumika mwaka ujao wa masomo.

1. Mradi uchukue mihula miwili. Vikundi na wasimamizi watangazwe kabla ya likizo ya mwisho wa mwaka wa pili. Kipimo: siku ya kwanza ya muhula wa mwisho, kila kikundi kiwe na pendekezo lenye sahihi ya idhini.

2. Yawepo maonyesho mawili ya kati, programu ikifanya kazi mbele ya msimamizi na mtahini mmoja, na angalau mtumiaji mmoja wa kweli awe ameulizwa. Kipimo: alama 30 kati ya 100 zitokane na maonyesho hayo.

3. Msimamizi asizidishe vikundi sita, na wahadhiri wasaidizi washirikishwe. Kikao kiwe cha nusu saa, ofisini, kila baada ya wiki mbili. Sahihi za kila wiki zifutwe. Vikao sita vya kweli kila muhula vinatosha. Msimamizi akiondoka, atafutwe mwingine, vikundi visiunganishwe baada ya wiki ya tatu.

4. Barua ya utambulisho itoke ndani ya siku tano za kazi tangu iombwe. Iandaliwe fomu ya ukurasa mmoja inayosema taarifa gani zinachukuliwa, nani ataziona, zitahifadhiwa wapi na zitafutwa lini. Kikundi kisichoijaza kisiruhusiwe kutoka.

5. Maabara ifungwe saa sita usiku katika wiki sita za mwisho. Kuwe na kabati la vihisi na bodi za kuazima kwa kitabu, na seva moja ndani ya chuo ya kuhifadhia kazi. Umeme au mtandao wa chuo ukikatika kwa zaidi ya saa 24, tarehe ya kukabidhi isogee kwa idadi ya siku za kukatika huko, bila mtu kuandika barua ya kuomba.

6. Mwongozo wa alama utolewe siku ya kutangazwa vikundi. Nusu ya alama iwe ya mtu binafsi, kwa kuangalia kumbukumbu za Git na majibu ya kila mmoja mbele ya watahini. Tangu mwaka 2005 Git imekuwa ikiandika nani alibadilisha nini na lini. Ushahidi upo, haujaombwa tu.

7. Idara itoe kanuni moja ya maandishi kuhusu akili mnemba, inayowabana wasimamizi na watahini kama inavyotubana sisi. Atakayetaja wazi alivyoitumia ndani ya kanuni asikatwe alama kwa kuitaja.

8. Miradi yote ihifadhiwe mahali pamoja panaposomeka. Wadogo zetu waruhusiwe kuuendeleza mradi mzuri ulioachwa nusu, kwa kumtaja mwenyewe. Mnakili atashikwa kwa urahisi, na kazi njema haitafia kwenye flashi.

AHADI

Nasi hatuji mikono mitupu. Tumekubaliana kwamba kila kikundi kinachohitimu kitaacha msimbo wake na kurasa mbili za kueleza kilipokosea. Wanaobaki Dar es Salaam wamejitolea kukaa na vikundi vya mwaka ujao Jumamosi moja kila mwezi. Na wenzetu wa mfumo wa akiba ya damu wameamua kurudi hospitalini na barua mpya. Safari hii hawaendi na programu yoyote. Wanakwenda kukaa zamu moja ya usiku na kutazama muuguzi anaandika wapi.

HITIMISHO

Ndugu Rasi, mteja akimletea mwanafunzi wa Ndaki hii orodha ya mahitaji, tumefundishwa kumjibu kwa maandishi, hitaji kwa hitaji: hili tumelikubali, hili tumelikataa kwa sababu hii, hili tumeliahirisha hadi tarehe hii. Tunaomba kujibiwa namna hiyo hiyo ndani ya siku 14, na majibu yabandikwe kwenye ubao ule ule ambako wadogo zetu watasoma majina ya vikundi vyao. Dai lililokataliwa kwa sababu tutalipokea. Lililonyamaziwa tutalihesabu kuwa bado lipo mezani.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Mwaka wa Mwisho,
Sayansi ya Kompyuta