Muuguzi Asikimbilie Nusukaputi

Mara kwa mara wauguzi vijana wa Likoni, Kisauni na Changamwe hunitaka shauri: je, mtu akishapata leseni yake aombe mara moja nafasi ya kusomea nusukaputi, ama atumikie kwanza wadi ya wagonjwa mahututi? Maadamu hospitali ya Kijabe, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Vanderbilt cha Marekani, imekwisha kuwafunza wauguzi Wakenya utaalamu huo, swali lenyewe si la ndoto tena. Jibu langu ni kwamba atangulize wadi.

Mgonjwa aliyelazwa kwa dawa hawezi kusema aumwapo. Anayemwangalia hana budi kufuatilia presha, mapigo ya moyo na oksijeni katika damu, na kutenda kabla ubongo haujadhurika, jambo la dakika chache tu. Katika wadi ya mahututi muuguzi huyazoea hayo usiku na mchana: huiendesha mashine ya kupumulia, hupima dawa za presha tone kwa tone, na hujifunza kuitambua hatari kabla king'ora hakijalia. Huko Marekani hakuna anayekubaliwa katika vyuo vya fani hii bila angalau mwaka mmoja wa kazi hiyo.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba wataalamu ni haba, na watakumbusha kuwa mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet ilikadiria watu bilioni 5 duniani hawafikiwi na upasuaji na nusukaputi salama. Mama wa Likoni anayehitaji kupasuliwa usiku wa manane atangoja mpaka lini, ilhali Hospitali Kuu ya Pwani iko kisiwani, ng'ambo ya kivuko?

Hoja hiyo ni nzito, lakini mama huyo huyo ndiye anayenifanya nishikilie msimamo wangu. Katika hospitali kubwa, mambo yakiharibika, mwanagenzi humwita mkubwa wake. Katika hospitali ndogo ya mtaani huenda akawa peke yake, na damu inamwagika. Mvumbika changa hula mbovu, wasema wahenga. Hapa atakayeula ubovu huo ni mgonjwa.

Hata hivyo, mzigo huu usiachiwe kijana pekee. Serikali ya Kaunti ya Mombasa ingefanya vyema kuwapeleka kwa zamu wauguzi wa Likoni, Port Reitz na Kisauni katika wadi ya mahututi ya Hospitali Kuu, huku mishahara na nafasi zao zikihifadhiwa. Naye kijana achague wadi ambamo mkono wake utafanya kazi, wala asivutiwe na ukubwa wa jina.

Nawaomba walimu wawaeleze wanafunzi wao ukweli huu mapema: mwaka mmoja au miwili kando ya kitanda cha mgonjwa mahututi ni sehemu ya masomo yenyewe.